Waimbaji na Washika Mitambo wa Kanisa: Kwa Nini Mafunzo Yao Yasikome



 Mhariri amenigawia kurasa chache za sehemu ya Kiswahili, nami nimeona heri nizitumie kwa jambo tunaloliona kila Jumapili wala hatulizungumzi, yaani mafunzo ya wale wanaotumika katika ibada bila malipo.

Nasema juu ya waimbaji, wapiga ngoma na kinanda, wasomaji wa masomo, vijana wanaokaa nyuma kwenye mashine ya sauti, na yule anayeonyesha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta. Mimi ni mmoja wao. Niliingia kwaya nilipokuwa kidato cha pili, na tangu kidato cha nne nashika mitambo. Mwisho wa mwaka huu nitaondoka pamoja na wenzangu wa kidato cha sita. Kati ya wanne tunaoshika mitambo, watatu twaondoka, na kati ya waimbaji wanaosoma solfa bila kusaidiwa, walio wengi waondoka pia. Kwa hiyo swali langu si la mchezo. Muhula wa kwanza ukifunguliwa, kanisa litajaa vijana wapya, spika zitakuwa pale pale na vitabu vitakuwa kabatini. Je, ustadi utakuwa wapi?

Jibu langu ni hili. Ustadi wa ibada haukai katika vyombo, wala haukai katika mtu mmoja aliye hodari. Hukaa katika desturi ya kufundishana kila juma. Desturi hiyo ikikatika, ustadi hufa hata kama vyombo ni vipya.

Wako wanaodhani kwamba mtu asiyelipwa hana haja ya kufundishwa sana, kwa kuwa amejitolea tu, nasi tupokee anachokileta. Mimi naona kinyume. Fundi wa kulipwa akishindwa, huondolewa akaletwa mwingine. Sisi hatuna wa kumleta. Tuna hawa hawa tulio nao. Basi hatuna budi kuwafundisha.

SHULE MBILI ZILIZOTUTANGULIA

Katika mji wa Leipzig, nchini Ujerumani, iko shule ya kale iitwayo Thomasschule. Tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, mwalimu wa muziki wa shule hiyo alikuwa Johann Sebastian Bach, ambaye leo jina lake lajulikana duniani kote. Wanafunzi wa bweni wa shule hiyo ndio waliokuwa waimbaji wa makanisa manne ya mji. Kazi yao ilifanana na yetu: masomo siku za juma, na ibada siku ya Bwana.

Mwezi wa Agosti mwaka 1730 Bach aliwaandikia wakuu wa mji kuwaeleza hali ya muziki wa kanisa. Katika maandiko hayo aliwahesabu wanafunzi wake. Alisema kwamba 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, na 17 hawafai. Jumla yao ni 54. Alieleza pia kwamba kila kundi la waimbaji linahitaji watu 12 angalau, yaani watatu kwa kila sauti kati ya sauti nne, kusudi mmoja akiugua kazi isisimame. Wakiwa 16, alisema, ni bora zaidi.

Wengi wakisikia hesabu hiyo huwatazama wale 17 wa kwanza wakawasifu, au wale 17 wa mwisho wakawacheka. Mimi nawatazama wale 20 wa katikati. Bach hakusema hawafai, alisema bado. Kila kwaya ina watu wa "bado," na kila meza ya mitambo ina kijana wa "bado" anayesimama kando akitazama mikono ya wakubwa. Lakini "bado" haigeuki kuwa "tayari" kwa kungoja. Huligeuza neno hilo mwalimu, tena kwa saa maalumu. Tena tuangalie ile shauri yake ya watatu kwa kila sauti. Bach hakupanga watu wa kutosha kwa siku njema tu. Alipanga na siku ya ugonjwa. Sisi je? Ni mahali pangapi kanisani petu ambapo mmoja akiugua malaria, kazi yote husimama?

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, tena wa watu wanaosema Kiswahili. Huko Kamina, katika Katanga, padre Mbelgiji aitwaye Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana wa shule pamoja na walimu wao. Mwaka 1958 kwaya hiyo ilisafiri Ulaya, na mwaka huo huo ikarekodi Missa Luba, misa ya maneno ya Kilatini iliyoimbwa kwa namna ya nyimbo na ngoma za Kongo. Muziki ule haukuandikwa kwanza mezani na kuletwa kwa waimbaji. Ulikua katika mazoezi yenyewe, waimbaji wakibuni, wakirudia, na kukubaliana. Mazoezi ndiyo yaliyozaa kazi. Tena kwa kuwa ilirekodiwa, haikupotea wavulana wale walipokuwa wazee.

Basi shule hizo mbili zatufundisha mambo mawili: wahesabu walio "bado" na uwape saa yao, tena kilichopatikana kihifadhiwe kisiondoke na mtu.

SOMO LA WAIMBAJI

Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutana mjini Hull, Uingereza, wakamwomba mchungaji John Curwen atafute njia nyepesi ya kufundisha watu kuimba. Curwen aliichukua njia ya mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover, akaitengeneza na kuieneza. Ndiyo solfa tunayoitumia hadi leo katika vitabu vingi vya kwaya. Asili ya majina yake ni ya zamani zaidi, kwani mtawa Guido wa Arezzo, katika Italia, alifundisha kwa majina ya namna hiyo katika karne ya 11. Lakini lililo kubwa kwetu ni hili: solfa ya Curwen haikutengenezwa kwa ajili ya mabingwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliojitolea kama sisi. Basi mtu asiseme solfa ni ya wasomi wa muziki.

Mwimbaji anayejifunza kwa kusikia tu amejifunza wimbo mmoja. Anayejifunza kusoma amejifunza nyimbo zote zilizomo kitabuni. Njia ina hatua nne.

Kwanza ni ngazi yenyewe: d, r, m, f, s, l, t, na d ya juu. Hatua za ngazi hii hazilingani. Kati ya m na f, na kati ya t na d ya juu, hatua ni fupi, nusu ya zile nyingine. Waimbaji wengi huteleza hapo. Sababu moja ni kwamba muziki wa asili wa Baganda, kwa mfano, una ngazi ya sauti tano, hivyo sikio lililokulia humo hukutana na hatua hizo fupi kama na mgeni. Si upungufu wa sikio. Ni jambo la kulizoeza tu. Imbeni m f m, kisha t d t, polepole, mara nyingi, kabla ya kugusa wimbo wowote.

Pili ni kuruka. Baada ya ngazi, imbeni d m s, s m d, kisha d f l, kisha s t r. Mwalimu aonyeshe herufi ubaoni kwa fimbo bila kuimba, nao waimbaji wamfuate. Akiimba pamoja nao, wataiga sauti yake badala ya kusoma.

Tatu ni mapigo. Katika maandiko ya solfa, nukta mbili hutenga pigo na pigo, mstari wa kusimama hutangulia pigo la nguvu, na kistari kilicholala huonyesha kwamba sauti yaendelea. Pigeni makofi mapigo hayo na kusoma herufi kwa kusema, kabla ya kuziimba.

Nne ni kusoma kisichojulikana. Kila juma kiongozi aandike ubaoni mstari mmoja mfupi ambao hakuna aliyeusikia, nao waimbaji wausome mara moja tu. Wasirudie mpaka uwe mtamu, kwa maana huko ni kuukariri. Juma lijalo wataletewa mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

SOMO LA WASHIKA MITAMBO

Hapa nitasema zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani kazi hii ni kubonyeza vitufe. Vitufe hujifunzwa kwa siku moja. Yafaa kujua sababu.

Sababu ya kwanza ni umbali. Sauti itokayo mdomoni hutawanyika. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Mafundi husema imepungua desibeli 6. Msomaji aliyeweka maikrofoni sentimeta 5 kutoka mdomoni, kisha akaisogeza mpaka sentimeta 20, ameuzidisha umbali mara nne. Nguvu inayoingia ni kama sehemu moja ya kumi na sita tu ya ile ya kwanza. Hakuna kitufe kitakachoponya hasara hiyo bila kuleta matata mengine. Kwa hiyo mshika mitambo hodari huanza kazi yake kabla ya ibada, kwa kumfundisha msomaji mahali pa kusimama.

Sababu ya pili ni ule mluzi mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Mluzi hutokea hivi: sauti yatoka kwenye spika, yaingia tena kwenye maikrofoni, yakuzwa, yatoka tena kwenye spika, yaingia tena, na hivyo bila mwisho. Ni duara. Ukitaka kuukata, likate duara. Mlete msemaji karibu na maikrofoni ili upunguze ukuzaji. Weka spika mbele ya maikrofoni zikielekea watu, si nyuma yake. Maikrofoni nyingi za kushika mkononi husikia zaidi kwa mbele na kidogo sana kwa nyuma, basi uelekeze mgongo wake kwenye spika. Tena usikifumbate kichwa chake kwa kiganja kama waimbaji wengine wafanyavyo, kwa maana ukikifumbata huanza kusikia pande zote, na mluzi huja upesi.

Sababu ya tatu haijulikani na wengi. Kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi ikiwa mara mbili, nafasi uliyo nayo kabla ya mluzi hupungua kwa desibeli 3. Kutoka moja mpaka mbili, desibeli 3. Mbili mpaka nne, 3 nyingine. Nne mpaka nane, 3 tena. Jumla 9. Basi mtu akiacha maikrofoni nane wazi, na msomaji akasoma kwa moja tu, amejitupia desibeli 9 bure. Kanuni yake ni fupi: isiyotumika ifungwe. Lakini kuitimiza kanuni hiyo sharti mshika mitambo aijue ibada, ajue nani afuata nani. Kijana asiyejua mpango wa ibada hawezi kuwa mshika mitambo mzuri, hata angekuwa bingwa wa fizikia.

Sababu ya nne ni waya. Waya wa maikrofoni wenye pini tatu una nyuzi mbili za kuchukua sauti na mmoja wa kinga. Nyuzi zile mbili huchukua sauti ile ile kwa namna iliyopinduliwa. Uvumi wa umeme unaoingia njiani huingia sawa katika zote mbili, na mashine ikipokea tofauti ya nyuzi hizo, uvumi hufutika na sauti hubaki. Ndiyo maana waya huo waweza kuwa mrefu bila kuvuma. Lakini uzi mmoja ukikatika ndani, faida hiyo hupotea. Waya hukatwa na mikono yetu wenyewe tunapoukunja kwa kuuzungusha kwenye kiwiko. Ukunje kwa miduara mikubwa, mmoja wa kawaida na wa pili wa kupinduliwa, ili usijisokote. Hili laweza kufundishwa kwa kijana wa kidato cha kwanza Jumamosi yake ya kwanza, naye atakuwa ameokoa fedha ya shule.

Mwisho wa somo hili ni mambo matatu ya desturi. Ukiwasha, anza na mashine ya kuchanganya sauti, spika ziwe za mwisho. Ukizima, spika ziwe za kwanza, kusudi kishindo kisiziharibu. Usipulize wala kugonga maikrofoni. Ipime kwa kusema. Tena kumbuka kwamba kanisa tupu la Jumamosi si kanisa lililojaa la Jumapili. Watu na nguo zao humeza sauti. Mshika mitambo asiyeondoka kitini kwake wakati wa wimbo wa kwanza, akaenda kusikiliza katikati ya watu, anabahatisha tu.

SOMO LA WOTE PAMOJA

Katika makanisa mengi kwaya hufanya mazoezi peke yake, na washika mitambo huja Jumapili asubuhi. Hiyo ni hasara, nami nitatoa mifano miwili.

Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde. Katika kanisa lenye urefu wa mita 34, mtu wa mwisho husikia ngoma baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Naye akiimba, sauti yake humrudia mpiga ngoma baada ya sehemu nyingine ya kumi. Kwa hiyo mpiga ngoma huwasikia watu wa nyuma wamechelewa sehemu mbili za kumi za sekunde, ingawa wao hawakufanya kosa lolote. Kama wimbo una mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde, basi kuchelewa huko ni karibu nusu ya pigo. Mpiga ngoma asiyejua haya huwangojea. Akiwangojea, nao huzidi kuchelewa, na wimbo hulegea mpaka unakuwa kama wa matanga. Dawa yake ni mpiga ngoma kutazama mkono wa kiongozi, asifuate sauti ya nyuma. Na mshika mitambo amwekee kiongozi na mpiga ngoma spika ndogo ya karibu ili wasikie kwaya vizuri. Haya hayawezi kupatanishwa Jumapili watu wakiwa wameketi.

Mfano wa pili ni maneno ya ukutani. Ubeti mpya sharti utokee waimbaji wangali kwenye maneno ya mwisho ya ubeti uliotangulia, kwa maana macho ya mtu hutangulia mdomo wake. Kijana wa projekta akingoja ubeti uishe, kanisa lote hunyamaza kwa pigo moja au mawili. Hawezi kuwahi kama hajui wimbo. Basi kijana wa projekta aimbe katika mazoezi pamoja na kwaya. Tena maneno yawe ya herufi kubwa, mistari michache, na yasomwe na mtu wa lugha yenyewe kabla ya Jumapili. Hapa Uganda twaimba kwa lugha nyingi, na herufi moja iliyokosewa katika Luganda au Runyankole yaweza kugeuza sala kuwa kichekesho.

SAA MOJA YA JUMAMOSI

Napendekeza saa moja kila Jumamosi, isizidi. Dakika 10 za kwanza, wote pamoja: sala na kuamsha sauti. Dakika 25, makundi mawili: waimbaji ubaoni kwa solfa, washika mitambo kwenye jambo moja tu, mathalani mluzi, au waya, au mahali pa kusimama msomaji. Dakika 20, wote pamoja tena, kupitisha ibada ya kesho kwa mpango wake. Dakika 5 za mwisho, daftari.

Daftari hilo liwe moja, likae kanisani. Kila Jumapili jioni paandikwe tarehe, jambo lililokwenda vizuri, jambo lililoharibika, sababu yake, na tutakalofanya. Liandikwe tendo, lisiandikwe jina la mtu. Daftari lenye majina huogopwa, kisha hufichwa.

Juu ya hayo, kila kazi iwe na watu wawili, mkubwa na mdogo. Muhula wa kwanza mdogo atazame na kuuliza. Muhula wa pili mdogo akae kitini, mkubwa asimame nyuma yake, mikono yake ikiwa mgongoni. Ni vigumu kwa mkubwa, maana mikono huwasha kutaka kusaidia, lakini asiposhika ndipo mdogo hujifunza. Muhula wa tatu mdogo huyo amfundishe mwingine mpya. Mtu hajui kitu barabara mpaka amekifundisha.

Likizo iliyopita nilikwenda katika kanisa moja la kijijini. Mashine nzuri yenye vitufe vingi ilikuwa imefunikwa kitambaa, na juu yake pamewekwa chombo cha maua. Niliambiwa kwamba kijana pekee aliyeijua alipata kazi mjini. Juma lile palikuwa na mazishi ya mzee aliyependwa sana. Watu walijaa hata uani, na wajukuu zake waliokuwa wamesimama nje hawakusikia neno hata moja la historia ya babu yao. Mashine haikuwa mbovu. Ilikosa mtu wa pili tu.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako wasemao kwamba Mungu hutazama moyo, wala hahitaji ufundi wetu. Kweli hutazama moyo. Lakini Zaburi ya 33 yatutaka tupige kwa ustadi. Tena kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, chahesabu waimbaji 288 waliofundishwa, wakagawanywa kwa kura katika zamu 24 za watu 12, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Kama hekaluni walikuwako wanafunzi, kwetu wasiwepo?

Wengine husema mitihani yatubana. Juma lina saa 168. Naiomba moja. Na kijana anayejifunza sababu ya mluzi na hesabu ya desibeli hajaiacha fizikia yake, ameikuta kanisani.

Wengine husema hatuna vyombo. Solfa yahitaji ubao na chaki. Mapigo yahitaji viganja. Kusoma neno kwa sauti ya kufika nyuma kwahitaji kifua na kanisa tupu. Asiye na vyombo aanze na hivyo, ili vyombo vikija vimkute tayari.

NENO KWA WANAFUNZI WA ZAMANI

Kaka zetu, mmetutendea mema mengi. Spika tunazozitumia ni zawadi yenu, nasi twawashukuru. Lakini mashine isiyoletwa pamoja na mafunzo ni kama ng'ombe wa maziwa aliyepewa mtu asiyejua kukamua. Twawaomba jambo lisilohitaji mchango wa fedha. Wako miongoni mwenu wahandisi, walimu wa muziki, watangazaji wa redio, mafundi wa umeme. Mmoja wenu aje Jumamosi moja katika kila muhula, akae nasi saa moja, aondoke. Na mkitaka kutununulia chombo, ulizeni kwanza: ni vijana gani wawili watakaokitumia, na nani atawafundisha?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Hatua fupi za ngazi ya solfa ziko wapi? Ziimbe bila kinanda.

2. Msomaji amesimama sentimeta 40 kutoka kwenye maikrofoni. Akisogea mpaka sentimeta 10, nguvu ya sauti inayoingia itazidi mara ngapi?

3. Eleza duara la mluzi kwa maneno yako, na njia tatu za kulikata.

4. Pima urefu wa kanisa lako kwa hatua. Sauti ya ngoma yachukua muda gani kufika kiti cha mwisho?

5. Andika majina ya watu wawili watakaokaa kwenye mashine ya sauti Jumapili ya kwanza ya mwaka ujao. Ukilikosa jina la pili, mtafute mtu huyo, umwanze Jumamosi hii.